Msalaba wa Wapenzi

Kila tarehe tatu Mei, Siku ya Msalaba, sisi watu wa ziwa hili hupaka rangi misalaba ya marehemu wetu na kuivika maua. Msalaba wa binamu yangu Abundio, kwenye jabali la ziwani alipozama, ulikuwa mikononi mwangu. Mama yake, Shangazi Eleuteria, alipohamia Morelia kwa binti yake aliniachia kazi hiyo, nami nikaapa. Rangi nilipaka, sitaki kujisingizia ubaya nisioufanya. Jina ndilo sikuliandika upya. Lilififia mwaka hadi mwaka, nikaliacha, maana jina la mtu lingeniharibia hadithi.

Hadithi yenyewe niliwapa wageni, watalii ninaowatembeza kwa mtumbwi wangu. Ziwa letu ni dogo, nusu saa ya kasia umelimaliza. Ukishawapeleka kwenye maporomoko, ukawaonyesha wafua shaba na kuwalisha visamaki vya kukaanga, wanaanza kutazama saa. Basi nikawapa wapenzi wawili waliozama chini ya jabali lenye msalaba. Wakaanza kufunga tepe pale, wakiomba ndoa. Nafsi ilinisuta mara ya kwanza na ya pili. Baadaye ilinyamaza, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Mwaka huu nilikuwa nimeshawapakia maharusi wawili kutoka Guadalajara nilipomwona Shangazi anashuka gatini, maua mkono mmoja, kopo la rangi mkono wa pili. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kurudi.

"Shangazi, si ungenipigia simu?"

"Nikupigie uniambie nisije, eti nina miguu mibovu? Sogea huko."

Akaketi kwangu, kwenye ubao wa mpiga kasia, bega kwa bega, kama alivyokuwa akituketisha mimi na Abundio tulipokuwa wadogo.

Hatukufika mbali, bwana harusi akaanza. "Kaka, hotelini wametuambia una hadithi ya msalaba wa wapenzi. Sisi tumeifuata hiyo, mengine ziada."

"Leo koo limekauka," nikasema.

"Koo lako wewe?" Shangazi akacheka. "Lililokuwa linapayuka hata padri akihubiri? Wasimulie wageni, mwanangu. Na mimi nisikie, sikujua kama huku tuna wapenzi."

Maji yalikuwa yamezidi unga. Nilitaka kuibadilisha, lakini hadithi uliyoisimulia mara elfu hujiendea yenyewe. Nikamtaja msichana, nikamtaja mvulana, nikautaja upepo wa mchana uliopindua mtumbwi. Kabla sijajishika nikawa nimefika mwisho: "Msichana akamshika mvulana mkono, kidole kwa kidole, mpaka baridi ikawalegeza. Neno la mwisho la mvulana lilikuwa, niachie, usife na wewe."

Bibi harusi akafuta machozi. Nilisikia bega la Shangazi likitoka kwenye langu.

Maneno yale hayakuanza kwa wageni. Nilimwambia yeye kwanza, jikoni kwake, siku ya mazishi ya Abundio, aliponishika kola na kuniuliza kama mwanawe alikufa peke yake. Nikamjibu kwamba nilikuwa naye. Kidole kwa kidole, nikamwambia. Niachie, usife na wewe. Baadaye niliposhikwa na haja ya mwisho mtamu wa kuwapa wageni, nikachukua uleule. Njia ya mwongo fupi, nayo yangu ilikuwa imefika.

Kwenye jabali maharusi walifunga utepe wao, wakaenda kupiga picha upande wa pili. Shangazi alipitisha kidole kwenye mbao za msalaba, pale palipokuwa na herufi.

"Jina liko wapi?"

"Lilifutika, Shangazi."

"Yule msichana alikuwapo?"

"Hakuna msichana."

"Na wewe, Fidencio, ulikuwapo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa tayari, umeshazoea. Nikamtazama, nikashindwa.

"Nilikuwa maporomokoni," nikasema. "Tulipanga kwenda kutoa nyavu pamoja. Wakaja wageni, nikamwambia anisubiri kidogo. Alinisubiri sana. Kisha akaenda mwenyewe."

Shangazi alifungua kopo, akakoroga rangi polepole kwa kijiti.

"Kila Jumapili nawasha mishumaa miwili," akasema. "Mmoja wa Abundio. Mmoja wako, Mungu akuponye mkono uliolazimika kumwachia mwenzio. Miaka kumi na tisa." Akafuta kijiti kwenye ukingo wa kopo. "Kumbe hukuwahi kumshika."

Nikamwomba brashi niandike mimi. Hakunipa. Aliandika mwenyewe, herufi moja ikachuruzika hadi chini. Mimi nilishika kopo. Tepe hakuzing'oa. Alisema ni za watoto wa watu, hawana kosa.

Wakati wa kurudi nilimsogezea nafasi kwenye ubao wangu. Akanipita, akaenda kuketi mbele na wageni.

Bibi harusi alikuwa ameliona jina jipya. "Mama," akamuuliza, "Abundio ndiye yule kijana wa kwenye hadithi?"

"Abundio ni mwanangu," Shangazi akasema. "Alikufa peke yake."

Msichana wa watu akageuka kunitazama, akisubiri nimwambie kitu. Nikainama, nikapiga kasia.