Dalali Aliyekwenda Msibani

Mwaka wa tatu kazini ulimkuta dalali hajauza jengo hata moja. Wenzake ofisini waliuza maghala, maduka, ghorofa nzima zenye wapangaji. Yeye alikuwa na simu tu na orodha ya wenye majengo. Walimbandika jina la Bibi Salamu, kwa kuwa aliwajulia watu hali zaidi ya alivyowauzia.

Katika orodha hiyo, aliyempa matumaini ni mzee mmoja mwenye jengo la ghorofa nne: chini duka la dawa, katikati ofisi za wapangaji, juu kabisa akiishi yeye na mkewe. Alimpigia kila mwezi, na kila mwezi mzee alikataa kwa utani. Jengo si nyanya, alisema, halitaoza likikaa. Kisha walizungumza habari za magoti yake, lifti mbovu, na wanawe walio mbali. Dalali akaanza kuyasubiri mazungumzo hayo kwa hamu isiyohusiana na kazi.

Mzee akafa ghafla, siku ya Jumanne. Kabla ya saa nne asubuhi bosi alishamwita dalali ofisini kwake.

"Nenda msibani," alimwambia. "Usichukue makaratasi. Kaa na watu, lia nao. Wiki tatu zikipita, rudi."

Alikwenda. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini masikio hayakulia. Aliwasikia watoto wa marehemu wakivutana pembeni, mmoja akitaka jengo liuzwe, mwingine akitaka wasubiri. Mjane alipoambiwa huyu mgeni ni nani, alimshika mkono asiuachie. Marehemu, alisema, alikuwa akilalamika kwamba wanawe wa kuwazaa hawamtafuti, ila huyu wa kwenye simu.

Wiki tatu baadaye alirudi na barua ya mnunuzi aliyeletwa na bosi. Bei ilikuwa ya chini. Dalali alijua kuna kampuni nyingine inayolitaka jengo lile kwa karibu mara mbili, ila ilihitaji miezi miwili ya kujipanga. Bosi alishamwonya: kampuni hiyo isitajwe.

Mjane hakuisoma barua. Aliiweka mezani, akamtazama.

"Ungekuwa binti yangu, ungeniambia niuze?"

"Uza, mama," alisema.

Jengo likauzwa. Mjane alipewa siku thelathini ahame, akaenda kuishi chumba cha uani kwa mwanawe mkubwa. Haikuisha miezi mitatu, mnunuzi akaliuza jengo kwa kampuni ile ile, na aliyewakutanisha ni dalali. Mjane alisikia. Hakupiga simu, wala hakutuma mtu. Dalali akapewa chumba chake ofisini, chenye mlango ulioandikwa jina lake.

Jumapili alipeleka habari kwa mama yake. Mama alifurahi, akataka kujua ilikuwaje. Dalali alianza kwa kujigamba, lakini kadiri alivyosimulia sauti ilizidi kushuka, hadi akajikuta amesema yote, swali la mjane na jibu lake.

"Nikifa," alisema mama, "usiwaambie watu wa ofisini kwako."

Mama aliondoa vyombo, akaenda kuviosha. Dalali alipoaga, mama aliitikia tu kutoka jikoni.