Breki za Shemeji

Mjane alikanyaga breki mara tatu kabla gari halijashika, na liliposhika likavuta kushoto, watoto saba waliobanana nyuma wakaangukiana wakicheka. Kwao ulikuwa mchezo. Yeye jasho lilimtiririka mgongoni. Aliwashusha kwenye geti la shule, akawasisitizia wasiondoke bila yeye, kisha akaelekea gereji. Leo ilikuwa siku ya ukaguzi wa magari, na kazi yake yote ilikuwa hiyo: kuwapeleka na kuwarudisha watoto wa mtaa.

Gari aliachiwa na marehemu mumewe. Mume huyo na mdogo wake walinunua mawili yanayofanana kama shilingi kwa ya pili, yakiwa tayari makuukuu, na mtaani yakaitwa Pacha. Sasa pacha la pili, la shemeji yake, lilikuwa juu ya jeki kwa Fundi Koleo. Mjane alipoliona alisahau hata kusalimia.

Mbele lilikuwa limefungwa breki za diski, zinang'aa kama sahani za wageni. Shokapu mpya, springi mpya, kila kitu kipya. Koleo alipolishusha, mjane aliikandamiza boneti kwa mikono miwili. Ilizama, ikapanda, ikatulia. Ya kwake ingeendelea kunesanesa hadi mtu achoke kuitazama. Wivu ukamshika. Alitamani zile diski zipasuke, akajionea aibu, lakini tamaa haikumtoka.

Shemeji mwenyewe akaingia, shati limenyooka. Gari hilo lilimpeleka ofisini halmashauri na kumrudisha nyumbani, basi.

“Shemeji, chukua hizi za zamani nilizovua,” alisema, akisukuma chuma kwa ncha ya kiatu. “Kwako bado zitafaa.”

Neno hilo, kwako, lilimchoma kuliko kiatu. Akalimeza. Akashukuru, maana watoto hawabebwi na kiburi. Koleo akamfungia shokapu na viatu vya breki vilivyovuliwa, na mchana gari likasimama kwa mkanyago mmoja, limenyooka. Mjane nusura acheke peke yake.

Kwenye uwanja wa ukaguzi akamkuta shemeji ametangulia. Mkaguzi aliinama dirishani, wakaulizana habari za nyumbani, akapapasa bodi, akabandika karatasi ya kijani kwenye kioo. Injini haikuzimwa. Ilipofika zamu ya mjane, mkaguzi alizunguka gari mara moja, akagonga kutu ya mlango kwa kalamu na kusema libaki hapo mpaka lifungwe breki za kisasa, kama za lile la bosi.

“Panda nikuonyeshe linavyosimama,” mjane alisema.

“Sina haja.”

“Lile ulilijaribu?”

“Lile linaonekana.”

Alinyoosha mkono kudai ufunguo. Mjane aliutoa kwenye pete polepole, akaukabidhi, akaondoka kwa miguu.

Aliwakuta watoto wamekaa juu ya mabegi yao. Hakuwaeleza mengi; aliwapanga wawiliwawili, mdogo kabisa akamshika mkono. Walipofika kwenye mistari ya kuvukia, pacha la shemeji likatokea kasi na kusimama mbele yao kimya, pua haikuinama hata kidogo. Hata hapo, wivu ulimwambia: tazama linavyotulia.

Shemeji akashusha kioo. “Pole, nimesikia. Kesho nitazungumza na yule bwana. Panda, nikufikishe.”

“Na hawa?”

Shemeji aliwatazama watoto, viatu vyao vyenye vumbi, kisha akatazama siti zake.

“Unajua springi bado mpya, shemeji. Hazijazoea uzito.”

Mjane alimshika vizuri yule mdogo mkono. Akashuka barabarani na watoto wake, mbele kabisa ya boneti ile iliyotulia. Katikati ya mistari akasimama, akainama, akaanza kumfunga yule mdogo kamba za viatu. Kiatu cha kwanza, kisha cha pili. Honi ilipolia, alikifungua cha kwanza, akaanza upya.