Alichosema Bura

...au haikumfikia, upepo huu wa Gehandu umeipeperusha shikamoo yake, au mama ameisikia na bado anaipima, maana kampa mgongo, anapepeta maharage, na Gidion kasimama uani na begi begani, kapteni mzima wa timu ya taifa ya raga, jicho limerudi kwenye njia aliyojia, aondoke? ataondokaje, Oliva kashamwona, anapaza sauti kutoka jikoni, "Mama, ni yule kapteni wa kaka Bura, yule aliyekuwa naye siku ile..." siku ile, ndiyo, Harare, robo fainali, wachezaji saba saba na jua kali, Bura kaangukia kisogo, kainuka, Kiswahili chote kimemtoka, daktari wa timu, mtu wa Tanga, anamwuliza unajisikiaje, yeye anajibu Kiiraqw, na nani mwingine pale alikijua, ni wao wawili tu kutoka Hanang, "Anasemaje?" akauliza daktari, na dakika zimebaki mbili, na wamezidiwa pointi nne, na hakuna mwenye mbio kama Bura... "Anasema yuko fiti, dokta," ndivyo Gidion alivyojibu, Mungu wangu, kwa ulimi huu huu usio na mfupa, ilhali Bura alisema sioni, kaka, mwambie anitoe, na wakashinda, eti wakashinda, Bura mwenyewe ndiye aliyefunga, akalala pale pale kwenye nyasi asiamke tena, na tangu hapo Gidion kacheza nchi nne, na kila akidaka mpira anakisikia Kiiraqw kile nyuma ya sikio, mwambie anitoe, mwambie, na huku watu wanampigia makofi... msibani padri alisema ni ajali, wazee wakasema kazi ya Mungu haina makosa, naye akaitikia amina kwa sauti, mshenzi mkubwa... sasa mama anaweka ungo chini, anajipangusa mikono kwa kitenge, anageuka polepole, loo, uso ni wa Bura mtupu, na unatabasamu, kumbe anamfurahia, akishasema marahaba mwanangu basi imekwisha, atakuwa mtoto wa nyumba hii, ataletewa kigoda, ataletewa maziwa, atakunywa na atanyamaza, mwaka huu na ujao na mpaka kaburini, anajijua, na hicho ndicho alichokifuata huku, si kingine, aibu yake, alikuja apokelewe tu... mdomo wa mama unafunguka, na Gidion anamwahi, "Mama, usiitikie kwanza."