Doa la Kijani

Nimefanya kazi ya picha miaka ishirini na mbili na sijawahi kumpa mteja picha iliyocheza. Stashahada yangu nimeitundika juu ya mashine ya kuchapishia, lakini kazi inayonilisha ni picha ndogo: za pasipoti, za vitambulisho, za vyeti. Unakaa kwenye stuli, pazia jeupe nyuma yako, masikio yote mawili yaonekane, mdomo ufungwe. Ukicheka, narudia. Chunusi nakufutia bila kuniomba.

Kwa hiyo binti yangu aliponiletea flashi yenye picha tisa za mtihani wake wa mwisho chuoni, nilizifungua nikamwonea aibu.

Picha zote zilikuwa za mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye na ambaye siku hizi hasahau majina yetu tu, anasahau hata kwamba ameshakunywa chai. Kakaa kwenye kiti chake cha dirishani. Picha zimeinama upande, chumba giza. Na katika kila moja, mbele ya bibi wa watu, limepita doa refu la kijani, kama mtu kafuta ubao kwa tambara la rangi.

"Profesa," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita akinichosha, "lenzi yako ina uchafu?"

"Haina, mama. Naacha kamera wazi sekunde nne. Nimekusudia."

"Umekusudia kuharibu?"

"Mchoraji akipaka uso wa mtu kijani mnasema anatoa yaliyo moyoni. Mimi nikifanya hivyo kwa kamera mnasema nimetetemeka mkono."

"Mchoraji hana mteja anayesubiri pasipoti. Picha ni ushahidi, mwanangu. Mtu alikuwepo, alikuwa hivi, basi."

"Mama, mimi sikupiga bibi alivyo. Nimepiga inavyokuwa kukaa pale alipokaa." Akanitazama, kama anayesubiri niseme jambo. "Chapa tu kama zilivyo. Tafadhali. Usiguse kitu."

"Nimesikia."

Nilisikia, ndiyo. Lakini alipoondoka nikafikiria watahini watatu wamesimama mbele ya uchafu ule, na nyuma ya kila picha muhuri wa studio yangu. Nikafikiria miaka mitatu ya chuo inavyokwenda na maji. Mzazi humsitiri mwanawe. Nikavuta kiti.

Nilinyoosha zilizoinama. Nikaongeza mwanga. Kisha nikafuta doa la kijani, picha moja baada ya nyingine, taratibu, kama ninavyofuta makovu. Ya tisa ndiyo ilinisumbua, kwa sababu doa lilipita karibu na mkono wa mama aliokuwa kauinua, kama anafukuza inzi. Nilifuta kidole kwa kidole mpaka mkono ukabaki safi, peke yake, hewani. Nikajipongeza.

Asubuhi yake, chuoni, watahiniwa walizuiwa barazani mpaka waitwe, na ndugu ndio walioruhusiwa kutundika. Nikatundika mwenyewe kwa pima maji. Nilikuwa nimetoka mbio studio, hata aproni ya kazi sijavua. Picha zilikaa sawasawa, bibi anang'aa utadhani anaomba viza.

Jina lake likaitwa. Binti yangu akaingia, akatazama ukuta, akasimama. Rangi ilimtoka usoni. Akageuza shingo kunitafuta, akaniona nimeegemea mlango, nami nikamwonyesha dole gumba. Mungu anisamehe lile dole gumba.

Mkuu wa jopo, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akasoma karatasi ambayo binti yangu alikuwa ameiwasilisha. "Umeandika hapa kwamba kamera inaweza kueleza hisia kama brashi ya mchoraji. Kwamba utatuonyesha upweke wa bibi yako, si sura yake."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi naona sura yake. Kwa kweli naona sura tupu. Hizi ni picha za kitambulisho zilizokuzwa. Upweke uko wapi?"

Mtahini wa pili akacheka kidogo puani. "Labda umekwenda chai."

Nilimngoja binti yangu aseme. Ilikuwa sentensi moja tu: mama yangu amezibadilisha. Hakuisema. Alifunga mdomo, akatazama sakafu, masikio yote mawili yakionekana. Nikaelewa kwamba ananisitiri.

"Una la kujibu?" mkuu akauliza. "La sivyo tunaandika alama."

Miguu yangu ilikwenda mbele kabla sijaamua. "Nimefanya mimi," nikasema. "Mimi ni mama yake. Yeye aliniambia nisiguse."

Mkuu akavaa miwani. "Umegusa nini?"

"Nimesafisha. Zilikuwa na kasoro."

"Kasoro gani?"

"Doa. La kijani. Lilipita mbele ya bibi kwenye kila picha."

"Na lilikuwa nini hilo doa?"

"Sijui. Uchafu."

Binti yangu alizungumza kwa sauti ya chini, bila hasira, na afadhali angenifokea. "Ni wewe, mama. Hapo unapita."

Hakuna aliyecheka. Watahini wote watatu walitazama aproni yangu, nami nikaitazama, kama sijawahi kuiona. Ya kijani. Naivaa mpaka nyumbani kwa sababu sina muda wa kuivua. Kila jioni napita mbele ya kile kiti nikienda jikoni, kwenye nguo, kwenye simu, na mama yangu akianza kusema neno namjibu, "Nakuja, mama," nikiwa nimeshafika chumba kingine.

Mkuu aliandika kitu. "Saa nane mchana zile za asili ziwe ukutani. Kuchelewa kutakatwa alama. Na mzazi asiikaribie kompyuta peke yake."

"Nitakaa nayo mimi," binti yangu akasema.

Tulikwenda studio. Nilizima kila kitu kwenye mashine kinachosahihisha picha chenyewe, mambo ambayo sikuwahi kuyazima tangu niinunue. Zikaanza kutoka, na giza lake, na mwinamo wake. Ya tisa ilipotoka niliishika kabla wino haujakauka. Mama hakuwa anafukuza inzi. Vidole vyake vilikuwa vimeingia ndani ya lile doa la kijani. Alikuwa anajaribu kunishika aproni.

"Usiilowanishe," binti yangu akasema, akaichukua mikononi mwangu.

Saa nane kasoro dakika sita zilikuwa ukutani. Alizitundika mwenyewe, na moja akaiacha upande. Nilikunja ngumi nisiinyooshe. Watahini wakapita polepole. Hakuna aliyetaja vitambulisho. Mbele ya ile ya tisa mkuu alikaa sana, kisha akageuka kunitafuta mlangoni. Akaitazama aproni, akarudi kwenye picha, akaitazama tena aproni. Wazazi wengine nao wakageuka kufuata macho yake.

Mikono yangu ilikuwa tayari kwenye fundo la aproni mgongoni. Kuifungua ni sekunde mbili. Binti yangu alikuwa ananitazama.

Nikaishusha mikono, nikabaki nimeivaa.