Robota Lenye Jina Langu

Nianze na kosa langu mimi, maana watu wa kanisani kwetu wanapenda kusema Masika haoni makosa yake. Kosa langu ni kwamba nilimfundisha mdogo wangu kushona.

Mimi ni fundi cherehani. Niko Yeoville, barabara ya Rockey, chumba cha juu ya saluni. Nguo ndiyo kazi yangu, lakini kinachowaleta watu wengi kwangu ni marobota. Mkongomani wa Johannesburg akisafiri kwa gari habebi vitu vyake tu. Anabeba blanketi za mama wa huyu, viatu vya mtoto wa yule, na sufuria za mtu asiyemjua hata kwa sura. Kukataa mzigo wa mwenzako ni sawa na kumtukana. Mzigo ukishashonwa haufunguliwi njiani, kwa sababu kuufungua ni kumwita mwenyewe mwizi. Mimi ndiye ninayeshona: turubai, uzi wa nailoni mara mbili, sindano ya magunia, halafu kalamu nene nyeusi naandika jina la mwenye mzigo. Jina likishakaa pale, kila kilichomo ndani ni chako. Mpakani hawana swali jingine. Wanasoma jina, wanauliza ni nani, wewe unajitokeza.

Ijumaa ile robota lilikuwa langu mwenyewe. Ndani niliweka vitenge sita vya kuwapa mama zake Arlène, mashuka mawili, na gauni nililomshonea Arlène mwenyewe kwa wiki tatu. Arlène ni binti wa Kikongomani aliyekulia Gaborone, na Pacifique, mdogo wangu, alikuwa anaenda kumtolea mahari. Mama yetu alifariki Pacifique akiwa na miaka minane. Nimemlea mimi. Nilimbeba mgongoni kutoka Butembo tulipokimbia, nikamsomesha Afrika Kusini kwa sindano, na mpaka leo ana miaka ishirini na tisa bado ananiita yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu.

Gari lilikuwa lake, kwa hiyo robota lililala kwake Hillbrow usiku mmoja. Asubuhi akanipitia, tukatoka.

Tulikuwa magari mawili. Mbele yetu alikuwa Papa Gaston, shemasi wa kanisa letu, kwenye gari lake jeusi kubwa, peke yake, suti tatu zikining'inia nyuma. Gaston ana kampuni ya ulinzi. Safari ile alikuwa msemaji wetu. Kwetu bwana harusi hajisemei. Anakaa kimya, macho chini, na mtu mzima mwenye heshima anasema kwa niaba yake mbele ya wazee wa binti. Bila msemaji mnarudishwa mlangoni. Gaston alijua hivyo, na tangu tulipomwomba alitembea kanisani kama mtu tuliyemkabidhi funguo za mbinguni.

Tulisimama Zeerust kuweka mafuta. Pacifique akaingia dukani kununua maji. Mimi nikafungua buti nichukue chapati, na hapo nikaliona robota langu.

Fundi anajua mshono wake. Mimi nikimaliza mshono nazamisha fundo ndani, halionekani, hata kidole hakiligusi. Upande mmoja wa robota ulikuwa na fundo nje, mkia wa uzi umening'inia. Mtu alifungua na kushona tena. Sikuhitaji kujiuliza ni nani. Miaka mingapi nilimpiga yule mtoto vidole kwa sababu ya fundo lile? Hakuwahi kujifunza kulizamisha.

Nilitoa mkasi kwenye mkoba nikakata. Niliingiza mkono kati ya vitenge, nikagusa kitu kizito, kigumu, kimefungwa ndani ya gauni la Arlène. Nilifunua upande mdogo tu. Bastola, na kiboksi cha risasi pembeni yake.

Nilifunika. Sitasema ilikuwa hofu. Ilikuwa hasira. Botswana hawana mchezo na silaha. Mtu wa kawaida haruhusiwi bastola kule, hata aje na leseni ya wapi. Kila anayepita mpaka ule anajua, na Gaston kuliko wote, kwa sababu mwaka juzi alirudishwa pale pale na silaha yake, akatusimulia kanisani kama vile ameteswa kwa ajili ya imani. Na juu ya turubai, kwa herufi kubwa nilizoziandika mwenyewe, lilikuwa jina MASIKA. Ningefungwa mimi. Wanangu watatu walikuwa kwa jirani Yeoville, mdogo kabisa yuko darasa la pili.

Pacifique akarudi na chupa za maji. Nilimwonyesha lile fundo.

Alitazama fundo, akatazama chini.

"Yaya, hapana fanya fujo hapa," akasema taratibu, kwa Kiswahili cha nyumbani ambacho wa inakuwa ba. "Watu banaangalia."

"Nani alikupa?"

"Papa Gaston. Alisema hawezi kwenda mahali bila ile kitu. Tangu bale bezi bamwingilie nyumba, halali bila yake. Akasema kama siko tayari kumusaidia, basi nitafute mwingine wa kunisemea."

"Na wewe ukaiweka kwangu."

"Yaya, bamama habafunguliwake mizigo. Ndio vile alisema. Mama mwenye vitenge vya harusi, wataguza tu, watasema pita."

"Ungeiweka kwenye begi lako!"

"Mimi kijana. Bo banafungua bijana."

Alijibu upesi, bila kusita, kama mtu aliyekwisha kulipima jambo. Nilitamani kumzaba kofi mbele ya wale vijana wa mafuta. Badala yake nikamwambia amwite shemasi.

Gaston alikuwa upande wa pili, anajaza upepo kwenye tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Alikuja akitabasamu. Alipoona buti wazi na turubai limekatwa, tabasamu likaondoka.

"Mama Masika," akasema, "mambo ya wanaume haya. Funga hiyo. Tutaongea tukifika."

"Toa kitu chako."

"Punguza sauti."

"Nimepunguza. Ukitaka nipandishe nitapandisha. Toa."

"Nina leseni, wewe mama! Mimi si jambazi. Imesajiliwa, karatasi zote ninazo."

"Leseni ina jina lako, Shemasi. Robota lina jina langu."

Kijana wa mafuta alituangalia, akasema eish, akageukia gari jingine. Gaston akasogea karibu, mpaka nikanusa manukato yake.

"Sikiliza vizuri. Mimi ndiye msemaji. Nikigeuza gari sasa hivi, hamna mahari, hamna harusi. Wale wazee wa Gaborone wananingoja mimi. Nani atasimama mbele yao? Wewe, na hilo gauni lako?"

"Shemasi, una gari zima peke yako. Viti vitano. Suti zako zina nafasi kuliko wanangu. Mbona hukuweka humo?"

Wote wawili tulijua jibu. Gari lake lingefunguliwa, na yeye ni mtu mzima mwenye heshima, na jela si mahali pa mtu mwenye heshima. Jela ni ya Masika wa cherehani.

"Nahesabu mpaka kumi," nikamwambia. "Baada ya hapo nawaita hawa vijana waje waone vitenge vyangu."

Nilifika nne. Akaingiza mkono mwenyewe, akavuta bastola na kiboksi cha risasi vikiwa bado ndani ya gauni la Arlène, akavisukuma chini ya koti. Nikamwambia gauni libaki. Alilifunua ndani ya gari lake, akalitupa dirishani, akageuza kuelekea Johannesburg bila kumuaga Pacifique. Gauni nililiokota chini. Lilikuwa na doa la grisi kifuani.

Nisingelaumiwa kama ningerudi hapo hapo. Lakini Arlène alikuwa ananisubiri. Mama zake walikwishapika. Binti yule hana kosa. Kila Jumapili alinipigia simu kuniuliza afya yangu kabla ya kuuliza ya mchumba wake. Nikashona robota upya pale pale, nikaingia garini, nikasema, "Twende. Nitasema mimi. Wakitaka kunifukuza wanifukuze."

Pacifique alifurahi. Hilo ndilo lililonikera zaidi, jinsi alivyofurahi haraka. Akawasha redio.

Nikaizima. "Nikuulize kitu kimoja. Wangefungua?"

"Hawangefungua, yaya."

"Wangefungua. Wameona bastola. Ofisa anauliza, ni ya nani hii? Wewe unasema nini?"

"Lakini hawangefungua."

"Pacifique. Unasema nini?"

"Yaya, imekwisha. Papa Gaston amerudi na kitu yake. Tuache hii maneno."

Nilimuuliza tena tulipolipita bango la mpaka. Akasema nimeanza kuwa kama wazee. Nikaacha. Nilijiambia ni mtoto, alibanwa, alitaka kuoa, mtu mkubwa alimtisha. Nilimtafutia sababu kama nilivyomtafutia tangu ana miaka minane: dirisha la mwalimu alilovunja, simu ya mpangaji aliyoichukua, kazi tatu alizoacha. Kumtafutia sababu nimezoea kuliko kushona.

Upande wa Afrika Kusini walitugongea mihuri bila kutuangalia. Tulivuka mpaka upande wa Botswana, Tlokweng, jua likiwa kali. Tukakanyaga ule mkeka wenye dawa ya kuzuia ugonjwa wa mifugo, tukapanga foleni, halafu tukaambiwa tusogeze gari pembeni.

Walikuwa maofisa wawili, mwanamke na mwanamume, na glavu mkononi. Hawakugusa tu wakasema pita. Walishusha kila kitu. Walifungua mifuko ya Pacifique, wakatoa hata soksi moja moja. Walinyanyua viti. Waligonga milango kwa ngumi wakisikiliza. Walitoa tairi la akiba. Nilisimama kwenye kile kivuli chembamba cha paa nikiwaangalia, na jasho likanishuka mgongoni, kwa sababu saa mbili tu zilizopita ile bastola ilikuwa ndani ya gari hili, na hawa watu wangeipata kabla sijamaliza kusema habari za mchana.

Mwishoni yule mwanamke akaliburuta robota mpaka katikati ya sakafu ya saruji. Akalisoma. Akatoa kisu.

"Whose is this?" akauliza kwa Kiingereza. Hili ni la nani?

Swali lenyewe lilikuwa rahisi. Ndani mlikuwa na vitenge, mashuka na gauni lenye doa. Hapakuwa na hatari yoyote, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ni langu.

Pacifique alinitangulia. Alinyoosha kidole. Hakukinyoosha kwenye jina, alikinyoosha kwangu, usoni, mkono umenyooka wote, na akarudi nyuma hatua mbili ili asiwe karibu na lile robota.

"Hers," akasema. "It's hers. I don't know what is inside." Ni lake, mimi sijui kilichomo ndani.

Nilimtazama. Alikuwa anatabasamu kwa ofisa, tabasamu la adabu alilolijua tangu utoto. Sidhani hata alijua amefanya nini. Lilimtoka lenyewe, kama mtu anayekwepa gari.

Ofisa akakata turubai langu. Akanyanyua vitenge kimoja kimoja, akavikung'uta, akavirudisha. Akalishika gauni, akaniuliza ni la bibi harusi? Nikasema ndiyo. Akasema ni zuri sana, pole kwa hilo doa. Akatupa ruhusa.

"Unaona?" Pacifique akacheka kwa sauti, pumzi zimemrudi. Akawa anatupa vitu ndani ya buti ovyo ovyo. "Nilikuambia, yaya. Sharp! Panda, banatungoja. Tutafika wakati wanatoa chakula."

Niliingia mlango wa abiria nusu, nikachukua mkoba wangu na kitabu changu cha kusafiria. Kitabu kile nilikisubiri miaka tisa, na kila ukurasa wake naujua. Gauni la Arlène nilililaza vizuri kwenye kiti nilichokuwa nimekaa.

"Mpe Arlène," nikasema. "Mwambie nitampigia simu mwenyewe, nimweleze. Kila kitu nitamweleza."

"Kueleza nini? Yaya! Na nani atanisemea?"

"Utajisemea. Umejua kusema leo."

Nikafunga mlango. Nilirudi kwa miguu ule upande tuliotoka, kati ya malori, kuelekea dirisha la Afrika Kusini. Nyuma yangu alipiga honi. Nikaendelea kutembea. Akapiga tena, ndefu, na dereva mmoja wa lori akanifokea nitoke njiani. Akapiga mara ya tatu. Nilisimama pale, mgongo umemwelekea, nikamsubiri muda wa kutosha mtu kufungua mlango wa gari na kukimbia hatua ishirini.

Hakushuka.