Harufu Isiyokaa

Nyie, kuna harufu za kukaa na kuna harufu za kupita. Mimi ni wa zile za kupita. Ukimpulizia mtu wa Morogoro mjini kitu mkononi, hata hajanusa vizuri anakuuliza, "Inakaa?" Watu wanataka udi, kitu cha kung'ang'ania kanzu mpaka ifuliwe mara mbili. Mimi nilishaharibika zamani. Aliyeniharibu ni Hafidhi, muuza manukato wa sokoni, siku aliyonipa kikaratasi chenye matone mawili ya pafyumu nyepesi ya limau. Alisema inatoka kwa watu wa nje huko, wale wasio na kiwanda, wanaochanganya chupa chache chache kwa mikono yao.

"Fumba macho, Pendo."

Nikafumba. Kwanza likapasuka ganda la limau, baridi, kama umeoshwa uso na maji ya mtoni. Halafu pilipili manga ikanichoma puani, ila kwa adabu. Halafu iliki, kwa mbali, kama mtu anachemsha chai nyumba ya tatu. Nikajiona niko kwetu milimani, juu ya Mlali, asubuhi ya Juni, ukungu umeshuka mpaka kwenye magoti ya miti, na mimi mwenyewe sina uzito. Nilivyofumbua macho, hamna kitu. Dakika kumi tu, jamani! Nilitaka kulia.

"Imeenda wapi?"

Hafidhi akacheka. "Udi ni mgeni wa siku ya tatu, unaanza kumtafutia jembe. Huyu kaaga bado unamtaka."

Tangu siku hiyo chumba changu kikawa makopo matupu, yaani makopo kila kona. Naloweka kwenye spiriti maganda ya machenza ya kwetu, ya ile miti saba aliyopanda bibi mzaa mama. Nachuja, natia pilipili manga, natia iliki, nanusa, nakosea, namwaga. Kila jaribio narekodi kwenye simu, nione sura yangu inasemaje. Jaribio la tisa lilikaribia kabisa. Lakini katikati palikuwa na pengo, kama la jino. Ganda lipo, kiungo kipo, halafu kitu fulani hakipo, na sikukijua.

Ndipo mjomba Gervas akapiga simu.

"Pendo, ile michenza naikata Jumamosi. Napanda maharage."

"Mjomba!"

"Mjomba nini? Msimu uliopita machenza yameozea chini, wanunuzi hawakupanda mlima kuyafuata. Hata ngedere wamekinai."

Kwetu Uluguru ardhi inapita upande wa mama, lakini mwenye kauli ni mjomba. Akisema panga, ni panga. Nikalala naota miti saba inashuka mlima kwa miguu, imebeba machenza yake kichwani kama akina mama wa sokoni, na hakuna anayeiuliza inakwenda wapi.

Jumamosi alfajiri nikachukua pikipiki pale Mlali, kupanda kwetu. Ile chupa ya jaribio la tisa nilikuwa nimeivisha soksi, nimeikumbatia. Ukungu ulikuwa mzito, pikipiki ikawa kama inaelea. Mtandao ukakata, nikabaki na simu ya kurekodia tu.

Nikamkuta mjomba uani ananoa panga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuaga miti au kunisaidia kukata?"

"Nimekuja kukupulizia."

"Mimi ni mende?"

Nikampulizia shingoni na kwenye mkono. Akaruka nyuma.

"Gongo hii!"

"Subiri spiriti iruke, mjomba. Vumilia."

Akavumilia, mkono kaunyoosha kama anayesubiri sindano. Taratibu uso ukaanza kulegea. Akanusa. Akanusa tena.

"Heh. Chenza."

"La kwako."

Akagusisha ulimi, akatema mate. "Mbona chungu?"

"Hainywewi, jamani!"

Akazunguka uani, anajinusa, anajifanya anatafuta kitu. Kisha akasimama. Nikajua swali linakuja.

"Inakaa?"

Ningeweza kudanganya. "Hapana. Nusu saa, ikibahatika."

"Kwa hiyo niache shamba kwa ajili ya harufu ya nusu saa?"

"Mjomba, hata chenza lenyewe msimu wake si mfupi? Mbona hujawahi kuligombeza?"

Akaokota panga. "Twende."

Miti saba ilikuwa imesimama ndani ya weupe, inatona maji. Nikawasha kamera, angalau nibaki na picha yao. Mjomba akajaribishia panga kwenye tawi dogo. Chwa! Likaanguka.

Na majani yale, yalivyochanika, yakatoa harufu. Kijani, chungu kidogo, mbichi, kama mvua inayofikiria kunyesha. Aisee, ule mwanya! Lile jino! Nikapiga kelele.

Mjomba akaruka. "Nyoka?! Yuko wapi?"

"Majani, mjomba! Majani!"

"Majani yamefanya nini?"

Mimi naruka tu. Yeye akanyanyua mkono ajifute jasho, mkono ukaishia njiani. Akaunusa. Akainama, akanusa tawi. Akarudi kwenye mkono.

"Pendo. Huu mti mbona unanukia kama mimi?"

"Wewe ndiye unayenukia kama wenyewe."

Akakaa chini kwenye majani mabichi, suruali ikalowa, hajali.

"Mama alikuwa na harufu hii mikononi," akasema. "Siku zote nilidhani ni sabuni."

Ukungu ukawa unapita katikati yetu polepole. Mti wa nne unatokea, unapotea, unatokea tena. Mjomba akachuma jani, akalisugua viganjani, akafunika uso nalo. Alivyoshusha mikono, macho yalikuwa mekundu, na panga lilikuwa limelala kwenye nyasi.

"Maharage yatakaa katikati ya miti," akasema kwa ukali, kama mimi ndiye niliyembishia. "Msimu mmoja tu! Usipofanya kitu cha kueleweka na hayo machenza, nakuja na msumeno. Usiniletee tena vichupa vya soksi."

"Sawa, mjomba."

Nikajaza soksi majani mpaka ikanenepa. Simu nikaikuta bado inarekodi. Picha yenyewe weupe mtupu, na sauti yangu ndani inalia majani, majani.

Tulishashuka nusu ya njia aliposimama. Akanusa mkono, akageuza, akanusa upande wa pili.

"Imeondoka," akasema, kama mtu aliyekwenda kuleta kiti akakuta mgeni hayupo. Akaninyooshea shingo. "Haya, pulizia."