Diski ya Karani Kabasele

Mama Ndaya hagusi diski ya mtu kabla hajaiharibu ya kwake. Ndivyo anavyofanya kazi katika kibanda chake cha kutengeneza kompyuta hapa Kolwezi. Wateja wenye haraka humsema weee mpaka wachoke, yeye hajali. Anayo diski moja ya majaribio. Hulivuruga makusudi jedwali lake, ule ukurasa wa mwanzo unaoiambia kompyuta kila fungu linaanzia wapi na kuishia wapi, kisha huiachia programu ya kurekebisha aone kama itagundua ugonjwa na kuuponya.

Asubuhi moja ilimjia kazi ya haraka kweli. Jana yake shimo la machimbo lilikuwa limebomoka kule Mutoshi, likameza hata kibanda cha karani kilichokuwa ukingoni. Karani Kabasele alitolewa amekufa. Wachimbaji wanne walitolewa hai, na msimamizi, Kabemba, akatangaza kwamba hao ndio wote, na mashine ya kuchimbua udongo itaondoka saa sita mchana. Orodha ya walioshuka shimoni ilikuwa ndani ya kompyuta ya marehemu tu. Ilifukuliwa, lakini diski yake haikuonyesha kitu. Jedwali lilikuwa limevurugika.

Elise ndiye aliyeileta, mbiombio kwa pikipiki. Mumewe, Stany, mchimbaji, hakurudi nyumbani jana na simu yake haiingii.

"Banasema alienda kuchimba Fungurume," alisema. "Mi sijui. Kama jina yake iko mule, batachimba. Kama haiko, banaenda zabo. Mama Ndaya, fanya mbio!"

Lakini Ndaya ni Ndaya. Alijaribu kwanza kwenye diski yake. Aliharibu mwanzo wa jedwali, programu ikagundua. Akaharibu na nakala yake ya akiba, ikagundua. Akafuta vyote viwili, programu ikatafuta na kulijenga jedwali upya, sawasawa kabisa. Saa nne na nusu. Muda wa kunakili diski nzima ya marehemu haukuwepo. Akaichomeka, akabonyeza.

Programu ikasema imerekebisha. Ndaya akafungua, na picha zikajaa kwenye kioo: bibi harusi Mzungu, mbwa, theluji mpaka madirishani.

"Hawa ni ba nani?" Elise aliuliza.

Ndaya alielewa papo hapo. Ujinga gani huu! Nusu ya diski za mji huu zimekuja kutoka Ulaya zikiwa zimeshatumika, na wenyewe wa kwanza huzifuta juujuu tu. Anajua hilo, anawaambia wateja kila siku. Ila diski yake ya majaribio aliinunua mpya, haijawahi kuwa na mwenyewe mwingine. Programu ilikuta jedwali la zamani la yule Mzungu, ikaliamini.

"Nimekosea," alisema. "Bitu bya Kabasele bingali mule. Lakini lazima itafute upya, diski yote."

Saa sita kasoro dakika kumi, utafutaji ulikuwa umefika asilimia sitini.

"Pigia Kabemba," Elise alisema. "Sema umeona jina ya Stany."

"Sijaona."

"Najua hujaona! Sema tu!"

Ndaya hajawahi kumdanganya mtu kuhusu diski. Lakini nani aliyekula saa ya watu, si yeye? Akapiga. "Tata Kabemba, orodha nimeipata. Stany iko mule." Kabemba akasema basi, mashine itabaki. Ndaya akakata simu. Alijisikia vibaya mno.

Saa sita na nusu fungu la pili, lile la Kabasele, likapatikana. Orodha ya jana ilikuwa na majina sita. Wanne ni wale waliotolewa hai. Wa tano, Mukendi. Wa sita, Sadrack. Mbele ya hao wawili Kabasele alikuwa ameandika walikotoka: Mutshatsha, mji wa mbali.

Elise alisoma kwa kidole, akarudia tena. "Haiko! Stany haiko mule!" Alicheka, akamkumbatia Ndaya, akalia begani kwake, akacheka tena. Ndaya alimshikilia kwa mkono mmoja na kupiga simu kwa mwingine, akaiweka kwenye spika.

"Tata, unisamehe, nilikuongopea. Stany haiko. Lakini Mukendi na Sadrack biko mule, na habajatoka."

"Umenifanya mutoto!" Kabemba alifoka. Kisha akasema, "Hao ba Mutshatsha? Nani anabatafuta? Toka jana hakuna mutu alikuja hapa kubauliza. Mi naachia mashine iende."

Kicheko cha Elise kilikatika. Aliichukua simu mkononi mwa Ndaya na kujifuta machozi kwa kitenge.

"Mi nabatafuta," alisema. "Ngojea hapo, niko nakuja."